Kitendawili cha Majaruba: Chekereni na Deni la Utafiti

Historia ya utabibu katika nchi zetu aghalabu huandikwa kwa majina ya hospitali, ya dawa, na ya mabingwa waliozivumbua. Ni nadra kuandikwa kwa jina la kijiji. Hata hivyo yako maarifa ambayo ulimwengu usingeyapata lau kijiji fulani kisingekubali kukesha, kuhesabiwa na kutoa damu. Kimojawapo ni Chekereni, kilichoko katika tambarare ya Moshi ya chini, kusini mwa Mlima Kilimanjaro, kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari. Msomaji wa pwani na visiwani, aliyezoea kuusikia mlima huo ukitajwa kwa theluji na kahawa yake, huenda asijue kwamba miguuni pake umesimama mpunga majini, kama tuuonavyo sisi katika bonde la Cheju. Makala haya yanakusudia kueleza nini kilijulikana kutokana na mbu wa mpunga huo, na kuuliza ni deni gani limebaki baina ya waliojua na waliowawezesha kujua.

Maji si jambo geni kwa watu wa Kilimanjaro. Kwa karne nyingi Wachaga wameyateremsha maji ya mito kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mikono, wakayagawa kwa zamu na kwa masharti baina ya koo, yakanywesha migomba na baadaye mibuni ya vihambani. Mlimani ndiko zilikokuwa nyumba, mifugo na makaburi ya wazee. Tambarare ilikuwa mahali pa kushuka kulima na kurejea. Sababu moja ya mtu kutopenda kulala huko ilikuwa homa. Baridi ya mlimani humdhoofisha mbu na kuchelewesha kukua kwa vimelea vya malaria ndani ya mwili wake. Joto la chini huwastawisha wote wawili. Kwa hiyo mpaka baina ya kihamba na nyika ulikuwa pia mpaka baina ya uzima na maradhi, na wazee waliujua kabla ya hadubini kufika.

Mpaka huo ulianza kuvukwa kwa wingi pale ardhi ya mlimani ilipowaelemea wenyewe. Katika karne ya 20 watu waliongezeka, vihamba vikagawanywa mpaka havigawanyiki tena, na vijana wakashuka. Mashamba ya miwa ya TPC, huko Arusha Chini, yakavuta vibarua kutoka sehemu nyingi za nchi. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Serikali ya Tanzania na ya Japani zikashirikiana kuanzisha Chekereni kituo cha kuendeleza kilimo, na baada yake ukaja mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Moshi ya chini, uliokamilika mwaka 1987. Maji ya mito ya Rau na Njoro yakaelekezwa kwenye mifereji ya saruji. Ardhi ikasawazishwa na kukatwa majaruba. Hekta 1,100 zikatengwa kwa mpunga. Ikapandwa mbegu fupi yenye asili ya utafiti wa Asia, na mavuno yakapita tani 6 kwa hekta, kiasi ambacho mkulima wa kutegemea mvua hakioti. Mwaka 1994 mahali hapo pakawa na chuo cha kuwafundisha kilimo cha mpunga wakulima na mabwana shamba wa mikoa mingine.

Lakini jaruba ni maji yaliyotuama juani, na maji yaliyotuama juani ndiyo kitalu cha mbu. Tangu Ronald Ross alipoonyesha huko India, mwaka 1897, kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, kila aliyechimba mfereji katika nchi za joto aliandamwa na shaka: je, anayeleta chakula analeta na homa? Chekereni swali hilo halikuwa la vitabuni. Ghala lilikuwa limejaa, na mbu nao walikuwa wamejaa. Ilipasa mtu ajue kama wali ule unalipiwa kwa maisha ya watoto.

Mwaka 1994 hadi 1995 mtafiti Jasper Ijumba, akishirikiana na Franklin Mosha na Steve Lindsay, alilichukua swali hilo na kulifanyia kazi kwa miezi 12. Vilichaguliwa vijiji vitatu, kila kimoja kikiwa mbali na mwenziwe kwa kilomita zisizopungua 7: Chekereni wa mpunga, wenye watu wapatao 3,200, Mvuleni wa miwa, na Kisangasangeni wa nyika, ambako watu walilima mazao ya chakula chao. Kila baada ya wiki mbili mbu walikamatwa kwa njia tano. Walitafutwa mchana katika maficho yao, ndani na nje ya nyumba. Walinaswa kwa mitego ya taa iliyowekwa karibu na watu waliolala. Na walikamatwa juu ya miili ya watu wenyewe: ndani ya nyumba kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, na nje hadi saa 6 usiku. Katika njia hii mtu huketi gizani miguu wazi, akingoja mbu atue, ili akamatwe na kutiwa chupani. Lugha ya sayansi ilimwita mtu huyo chambo, neno tunalolijua sisi wavuvi na wana wa wavuvi. Tutalirudia.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002 yalikuwa kama kitendawili. Mbu waenezao malaria, wa aina iitwayo arabiensis, walikuwa Chekereni mara nne ya wale wa vijiji vingine viwili. Kwa hesabu ya wingi wao na umri wao, hatari ya malaria nayo ilipaswa kuwa mara nne. Lakini walipopasuliwa na kuchunguzwa kama wamebeba vimelea, jibu likageuka. Chekereni, katika kila mbu 10,000 alikuwako mmoja tu mwenye vimelea tayari kuambukiza. Kwenye miwa walikuwa 10, na kwenye nyika 12. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji: mbu mara nne, lakini wenye sumu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana mtu wa Chekereni, aliyeumwa na mbu zaidi usiku kucha, alipata mwaka mzima michomo ya kuambukiza iliyo pungufu kwa asilimia 61 hadi 68 kuliko jirani zake. Uchunguzi mwingine wa watoto wadogo wa vijiji hivyo ulithibitisha kwamba malaria ilikuwa chache zaidi kwenye mpunga kuliko nyikani. Ijumba na Lindsay walikwisha kuandika mwaka 2001 juu ya hali kama hiyo katika sehemu nyingine za Afrika, wakaiita kwa jina ambalo mimi ningelifasiri kitendawili cha majaruba.

Kitendawili kina jibu, na jibu hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mbu. Wa Chekereni walinyonya binadamu kidogo kuliko wenzao: katika walioshiba damu, asilimia 48 tu walikuwa na damu ya mtu, wakati kwenye miwa walikuwa 68 na kwenye nyika 66. Waliobaki walijipatia riziki kwingine, kwa ng'ombe hasa. Upande wa pili ni wa watu, na ndio wenye uzito. Mkulima wa mpunga alikuwa na fedha kuliko jirani yake wa nyikani. Fedha hiyo ilinunua chandarua katika miaka ambayo chandarua kilikuwa bidhaa ya duka. Ilinunua pia dawa, mtoto alipoanza kutetemeka, kabla vimelea havijapata muda wa kuhamia kwa mbu mwingine. Watafiti waliona kwamba hali bora ya maisha ndiyo iliyowakinga watu wa Chekereni. Shamba, kwa njia yake, lilikuwa limefanya sehemu ya kazi ya zahanati.

Turudi sasa kwa yule aliyeketi gizani. Hesabu zote nilizozitaja zilianzia kwenye ngozi ya mtu. Kukamata mbu kwa njia hiyo kumezua mjadala mrefu wa kimaadili miongoni mwa wataalamu wenyewe, na si bure, kwa kuwa chambo ni kitu kinacholiwa ili mwingine apate samaki. Ili tuelewe kwa nini neno hilo linauma, yatupasa tutazame nyuma, kwa sababu Chekereni hakikuwa kijiji cha kwanza cha Afrika Mashariki kuombwa mwili wake.

Mwaka 1906 Robert Koch wa Ujerumani, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Viktoria, malale ikiua watu kwa maelfu. Alitumia atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Alipoona dozi ndogo haitoshi akaiongeza, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Karibu na Moshi zaidi, baina ya mwaka 1954 na 1959, serikali za kikoloni zilipulizia nyumba za Pare, upande wa Tanganyika, na za Taveta, upande wa Kenya, dawa ya dieldrini, ili zione kama malaria inaweza kukomeshwa katika nchi yenye homa kali. Ilishuka sana. Kisha mradi ukafikia mwisho wake uliopangwa, upuliziaji ukakoma, na malaria ikaanza kurejea kwa watu ambao kinga yao ya asili ilikuwa imepungua. Watafiti waliendelea kupima katika miaka ya 1960 waone nini kitatokea. Mwanahistoria Melissa Graboyes, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu utafiti wa tiba na maadili katika Afrika Mashariki, ameuweka mradi huo mahali panapostahili: swali la namna utafiti unavyoisha ni zito sawa na la namna unavyoanza.

Watu hawakuwa na kamati za maadili za kupelekea maswali yao. Walikuwa na neno: mumiani. Kamusi za kale za Kiswahili zinaeleza mumiani kuwa ni dawa nyeusi kama utomvu, iliyouzwa pwani kwa kutibia mivunjiko na baridi ya mwili, na ambayo watu walisema imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye jina la dawa likawa jina la mtu: yule anayevizia usiku ili anyonye damu akaiuze. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizikusanya hadithi hizi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, akatufundisha kutozicheka. Mtu aliyeona watumishi wa serikali wakichukua damu ya kijiji kizima, wakaondoka nayo katika vichupa, wasirudi tena kusema wameona nini, alikuwa na jambo la kweli mkononi. Alilitia katika hadithi aliyokuwa nayo.

Kati ya mumiani na utafiti wa leo zimesimama sheria. Maadili yaliyoandikwa Nuremberg mwaka 1947 na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 yaliweka ridhaa ya mtu kuwa sharti. Tanzania iliunda kwa sheria ya mwaka 1979 taasisi yake ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; hakuna utafiti wa tiba upasao kuanza bila kibali cha kimaadili, na Zanzibar ina kamati yake. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini sheria huishia mlangoni pa nyumba. Kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka ni kazi ya lugha, na hapo ndipo mshairi na mfasiri anapokuwa na la kusema.

Katika miaka yangu ya kufasiri nimepata kukabidhiwa karatasi za ridhaa zilizoandikwa kwanza kwa Kiingereza. Maneno magumu si yale marefu ya kitaalamu; hayo huelezwa kwa sentensi mbili yakaisha. Magumu ni yale mepesi tunayodhani tunayajua. Chukua neno kupima. Daktari hupima damu ili atibu. Fundi hupima mbao. Mtafiti hupima damu ili ajue jambo la watu wote, pengine bila faida yoyote kwa mwenye damu. Kiswahili kimeyatia yote matatu katika kitenzi kimoja. Mama aliyeambiwa mwanawe atapimwa damu ana haki ya kudhani anatibiwa, na karatasi isiyoitenganisha maana ya kwanza na ya tatu imemdanganya kwa neno la kweli.

Au chukua maneno bahati nasibu, ambayo hutumika kueleza kwamba mtu atawekwa katika kundi la dawa au katika kundi jingine pasipo kuchaguliwa na yeyote. Masikioni mwa wengi bahati nasibu ni tiketi ya kushinda fedha. Basi aliyepata kundi la dawa ameshinda, na wa kundi la pili ameshindwa. Na hali utafiti unafanywa kwa sababu hakuna ajuaye bado ni kundi lipi litakalonufaika. Na hiyo ridhaa yenyewe? Ni ndugu wa radhi, ile tunayoiomba kwa wazazi. Radhi haitolewi kwa sahihi peke yake. Hutolewa na moyo uliotulia, baada ya kusikilizwa, na inaweza kuondolewa. Neno tunalo, na ni zuri kuliko matumizi tunayolipa.

Kwamba hayo si mambo ya kupamba lugha tu, sisi wa visiwani tuna ushahidi wetu. Huko Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa katika utafiti wa kuwapa madini ya chuma pamoja na foliki, ili kupunguza upungufu wa damu. Kila mtu alitarajia kheri. Mwezi wa Agosti 2003 bodi iliyokabidhiwa usalama wa watoto iliona kwamba waliopewa madini hayo walikuwa wakifa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali zaidi ya wasiopewa, kwa kiasi cha asilimia 12, na utoaji wake ukasimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likaurekebisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi. Watoto wa mataifa mengi wamekingwa kwa yaliyojulikana Pemba. Kundi lililodhaniwa limeshinda bahati nasibu ndilo lililopata dhara.

Maarifa ya Chekereni nayo hayakubaki kama yalivyokuwa. Kitendawili cha majaruba kilisimama juu ya hali ya zama zake, ambapo chandarua kilikuwa cha mwenye fedha. Kuanzia miaka ya 2000 vyandarua vilitolewa kwa wingi, kwa ruzuku au bure, hata nyikani. Mwaka 2022 Kallista Chan na wenzake walizikusanya tafiti za nchi nyingi za Afrika na kuzilinganisha upya. Waliona kwamba baada ya mwaka 2003 vijiji vya mpunga vilikuwa na malaria nyingi kuliko vijiji visivyolima mpunga. Pale kinga ilipokaribia kuwa sawa kwa wote, wingi wa mbu ukarudi kuwa na neno. Aliyeambiwa mwaka 2002 kwamba mpunga hauongezi malaria anastahili kuambiwa leo kwamba jibu limebadilika, na kwa nini limebadilika.

Mnyororo huo haujakatika Moshi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa makao ya watafiti wa mbu kwa miaka mingi. Miongoni mwao ni walioshiriki katika majaribio ya vyandarua vipya kule Muleba na Misungwi, Kanda ya Ziwa, mbu walipokwisha kuizoea dawa ya zamani. Majaribio hayo, yaliyochapishwa mwaka 2018 na 2022, yalichangia moja kwa moja mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 na 2023 kuhusu vyandarua vya aina mpya. Anayelala leo chini ya chandarua cha namna hiyo, awe Kigoma au ng'ambo ya bara hili, ana sehemu yake katika usiku uliokeshwa na wanavijiji asiowajua.

Basi deni ni lipi? Halilipwi kwa fedha peke yake, ingawa anayekesha anastahili ujira. Ukitaka kuyasoma leo matokeo ya Chekereni utayasoma kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hayafiki Chekereni. Pengine yalielezwa mkutanoni kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo huondoka na waliokuwapo, na mtoto aliyetolewa damu mwaka 1995 sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Utafiti ulioomba damu kwa Kiswahili unapaswa kutoa jibu kwa Kiswahili, kwa maandishi, pamoja na hesabu zake na mipaka yake, na urudi tena jibu linapobadilika. Gharama ya kufasiri iandikwe katika bajeti tangu siku ya kwanza, kama inavyoandikwa ya mitego na ya mafuta ya gari.

Kazi hii haikuwa ngeni kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi pamoja na mafunzo ya afya na kilimo, na msomaji mmoja aliyapata yote mkononi. Serikali ile ilikuwa ya kikoloni na mafunzo yake yalikuwa ya amri, lakini desturi ya kuweka ushairi na elimu ya mwili katika gazeti moja ilikuwa njema, nasi tumeiacha. Wako washairi wanaoweza kueleza kwa beti chache tofauti ya kupimwa na kutibiwa. Wako wafasiri wanaoweza kutafuta badala ya bahati nasibu neno lisilomtia mtu tamaa wala huzuni. Na badala ya chambo lipatikane jina linalosema kwamba aliyeketi pale gizani, miguu wazi, alikuwa mtu aliyekubali, na kwamba anangoja kuambiwa walichokiona.